Mlango wa Saba Julai

"Mbinya, achana na huo mlango!"

"Nachungulia tu, Mama."

"Unachungulia nini? Rudi ukae chini!"

Kufuli ilikuwa ndani, na ufunguo Mama alikuwa ameufunga kwenye pindo la leso yake. Nyumbani kwetu, mtaa wa Jericho, tarehe saba Julai hatoki mtu wala haingii mtu. Mkate na maziwa hununuliwa tarehe sita. Siku ya Saba Saba mwaka wa tisini, watu walipotoka kudai vyama vingi, baba yangu Ndolo, seremala wa soko la Gikomba, alitoka asubuhi na hakuonekana tena. Mimi nilikuwa na miezi minne.

Mwaka huu vijana walikuwa barabarani tena, na mimi nilikuwa na wangu wa kumwogopea. Mchumba wangu Munyao hutangaza kwenye redio ndogo ya mtaa kule Huruma, kipindi chake kinaitwa "Siku Kama Leo". Huyo mwanamume anajua tarehe zote zilizowahi kupita duniani, na huziandika kwenye daftari, lakini ukimtuma chumvi anarudi na majani chai. Aliniapia kwamba kipindi cha leo alikirekodi jana, na kwamba atashinda kwake amelala.

Tukafungua redio.

"Ni saa tatu na dakika nne, wapenzi wasikilizaji, na vitoa machozi navisikia hapa nje..."

 Kumbe ametoka! Nikashika simu, nikaandika.

"Umenidanganya. Kama umeweza kutoka siku kama ya leo, usirudi kwangu tena."

Nikatuma. Redioni Munyao alikuwa anaendelea.

"Siku kama leo, 1954, chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam. Leo pia ni Siku ya Kiswahili Duniani. Siku kama leo, 1990, Wakenya walienda uwanja wa Kamukunji wakapokelewa kwa rungu. Na siku hiyo hiyo, fundi mmoja wa Gikomba, Ndolo Maingi, alitoka kwake Jericho. Jina lake sijaliona kwenye orodha yoyote. Hili singeweza kulirekodi, nimekuja kulisoma mwenyewe."

Kikombe kilimponyoka Mama, chai ikatapakaa sakafuni. Nikapiga simu mbio mbio.

"Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa."

Nikapiga mara ya kumi. Ya ishirini. Saa tano, saa sita. Nje milio ya risasi ilikuwa ikisogea, pa! pa! Mama akinishika mkono kila mlio uliposikika.

"Ulimwambia nini?" akaniuliza.

Nikampa simu asome. Alisoma polepole, halafu akaiweka simu mezani.

"Maneno haya umeyatoa wapi, mwanangu?"

"Ni hasira tu, Mama."

"Mimi nilimwambia baba yako hivi hivi. Nilimkataza kutoka, akatoka. Nikamwambia asirudi."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambiaje? Alirudi, Mbinya."

"Nani alirudi?"

"Baba yako. Mchana kama huu. Akabisha, akaita, 'Nthambi, nifungulie.' Nikanyamaza. Nilisema wacha nimtie adabu kidogo. Nikasikia viatu vizito vikikimbia. Nilipofungua nilikuta kofia yake tu kwa ngazi."

Nikaugeukia mlango.

"Watu husema ninafunga ili mtu asitoke," akasema. "Mimi naogopa atoke, halafu nimsikie akibisha."

 Nilikuwa naomba Mungu kimya kimya, tena kwa mkwara: ukimchukua huyu, mimi na wewe tumekosana!

Saa nane na kitu, mlango ukagongwa.

Ngo, ngo.

Mama alinyanyuka akasimama katikati ya nyumba, macho yamemtoka. Huko nyuma ya nyumba watu walikuwa wanapiga mayowe wakikimbia.

"Ufunguo, Mama!"

"Fundo limekaza, Mbinya! Limekaza!"

Alilirarua kwa meno. Akanisukuma kando, akafungua yeye mwenyewe.

Munyao alikuwa amesimama ngazini na kiatu kimoja, macho mekundu, anakohoa. Mama alimvuta kwa shati hadi ndani, akamkumbatia kabla yangu, akalia kwa sauti.

"Ingia, mwanangu. Ingia. Nilichelewa."

Nami nikampiga ngumi ya bega, kisha nikamng'ang'ania.

"Simu ilizima?"

"Ilizima nikiwa Eastleigh. Meseji yako nilikuwa nimeisoma."

"Na bado ukaja?"

"Nilisema ukikataa kufungua, nitakaa hapo kwa ngazi mpaka kesho. Nisamehe, Mbi. Nilikudanganya, na nimekutia hofu."

"Ukirudia nitakuua mwenyewe."

Mama alijifuta uso kwa leso iliyoraruka. Tangu mwaka jana Munyao alikuwa akimwomba siku ya kuleta ntheo, wale mbuzi ambao Wakamba huwatoa ili binti awe mke wa mtu, na Mama alikuwa akipiga chenga.

"Una ile daftari yako ya tarehe?" akamuuliza.

"Ninayo, Mama."

"Andika. Siku kama leo, mwakani, Munyao alileta mbuzi watatu kwa Nthambi, Jericho, akakuta mlango uko wazi."