Chupa Iliyoongezwa Maji

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Dainess alikuwa na kazi moja ambayo hakuruhusiwa kuisahau. Alichota maji kata moja, akayamwaga kwenye mchanga uliokizunguka chungu cha Bibi. Ndani ya chungu hicho, kwenye kopo lenye mfuniko, ilikaa chupa ndogo ya insulini, dawa ya kisukari ambayo Bibi Tulinagwe alijichoma asubuhi na jioni. Nyumba yao pale kijijini Nkunga haikuwa na friji. Mchanga mbichi ulikipoza chungu, na chungu kiliipoza dawa. Muuguzi ndiye aliyewafundisha.

"Umemwagia maji, mjukuu wangu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Ndaga, asante. Haya, nenda, usichelewe kuhesabu namba shuleni."

Nyumbani humo hamkuwa na sukari hata kijiko. Tangu Bibi aanze kuugua, mama yake Dainess, Jenifer, alisema hakuna wa kumtamanisha mgonjwa. Wote walikunywa chai isiyo na sukari, na ndizi mbivu zilikuwa za watoto tu.

Mwezi ule Bibi alianza kudhoofika. Alikunywa maji jagi zima na bado akasema ana kiu. Macho yaliingia ukungu, hata akawa anamwita Dainess kwa jina la mama yake, Jenifer. Mama alimtazama Bibi, kisha akautazama mkungu wa ndizi mbivu uliokuwa jikoni.

"Mama, unakula ndizi kwa siri," alisema.

"Sijaonja hata moja, Jenifer."

"Sasa sukari inapanda kwa nini? Sindano unachoma, chakula nakupimia mwenyewe! Mimi nashinda kwenye chai nachuma mpaka mgongo unakufa ganzi, wewe huku nyuma unajiua!"

Bibi alishika ncha ya khanga yake, akaikunja. Kesho yake Mama aliufungia ule mkungu stoo, ufunguo akauvaa shingoni, kama mtu anayeishi na mwizi.

Dainess aliinamisha kichwa. Yeye alijua.

Kaka yake Lugano, kijana wa miaka kumi na tisa, alikuwa akijenga mwili. Uani alikuwa na bomba la chuma lenye makopo ya saruji huku na huku, na kila siku alilinyanyua pamoja na rafiki yake Asajile wa Tukuyu mjini. Walitaka kushiriki mashindano ya kutunisha misuli kule Mbeya. Basi siku moja, kabla Bibi hajaanza kudhoofika, Dainess alirudi mapema kutoka shule, akamkuta Lugano amechutama mbele ya chungu, bomba la sindano mkononi.

"Kaka! Hiyo si dawa ya Bibi?"

"Shii! Asajile ameona kwenye simu, mabaunsa wakubwa wanachoma hii. Inasukuma chakula chote kiingie kwenye misuli. Bibi si anachoma kila siku? Amekufa?"

"Ikimwishia je?"

"Haitaisha. Naongeza maji kidogo." Kisha sauti yake ikashuka. "Dainess, Mama akijua atanifukuza. Ni mpaka mashindano tu, naapa. Usinichome kwa Mama, dada yangu."

Huyu ndiye kaka aliyembeba mgongoni mpaka shuleni, mvua na matope, mwaka ule Dainess alipovunjika mguu. Dainess akanyamaza.

Tangu siku hiyo, kila alipomwagia mchanga maji, aliinua ile chupa na kuitazama. Dawa iliyokuwa nyeupe kama maziwa ilizidi kupauka. Aliirudisha, akaenda shule, na darasani hakusikia kitu. Akisema, Lugano anafukuzwa. Asiposema, Bibi... Hakuthubutu kulimaliza wazo hilo.

Jumamosi moja Mama alikuwa shambani kwenye chai; jana yake alikuwa ameleta chupa mpya ya dawa ya Bibi. Manyunyu yalikuwa yakianguka, na baridi ya Rungwe mnaijua. Lakini Lugano, aliyekuwa uani akinyanyua vyuma na Asajile, alikuwa akitiririka jasho kama aliyemwagiwa maji.

"Acheni kunipigia kelele!" alifoka, na hakuna aliyekuwa amesema neno. Mikono ilimtetemeka, bomba la chuma likamponyoka. Alikwenda hatua mbili akipepesuka, akaanguka matopeni.

"Amka, mwanangu, acha masihara," Asajile alimwambia huku akimpiga vibao vidogo mashavuni. Lugano alikoroma tu.

Jirani alichungulia juu ya ua. "Hawa vijana! Saa nne hii wamekwisha lewa!" Akaenda zake.

Asajile alimvuta Dainess pembeni. "Dogo, usiseme kitu. Ni uchovu, ataamka. Ukitaja sindano tunaishia polisi wote, na wewe umo, maana ulijua."

Wakati huo Bibi alitoka ndani akipapasa ukuta. "Nani ameanguka? Ni Lugano? Dainess, mimi sioni vizuri. Nielezee, yukoje?"

"Amelowa jasho, Bibi. Anatetemeka."

Bibi alipiga magoti, akamgusa mjukuu wake paji la uso. "Jasho, tena la baridi. Ndivyo nilivyokuwa mimi siku ile niliyochoma sindano bila kula. Lakini huyu hana kisukari." Akageuza uso kumtafuta Dainess. "Mtoto, kuna nini?"

Asajile alikohoa. Dainess alimtazama kaka yake, midomo ikianza kupauka, akamtazama Bibi, na maneno yakatoka yote kwa pamoja.

"Anachoma dawa yako, Bibi! Na leo amechoma ile mpya! Kwenye chupa anaongeza maji! Hukula ndizi, Bibi, mimi nilijua, nikanyamaza!"

Midomo ya Bibi ilicheza, lakini kwa muda mfupi tu. "Utalia baadaye. Kimbia kwa jirani, omba sukari!"

Dainess alikimbia. Aliporudi na kikombe cha maji ya sukari, Lugano alikuwa ameacha hata kukoroma. Ukimwita, kimya. Asajile alikinyakua kikombe akataka kummiminia.

"Weka chini!" Bibi alipaza sauti ambayo Dainess hakujua kama anayo. "Asiyejitambua hanyweshwi, yatamwingia mapafuni! Mlaze ubavu. Tafuteni gari!"

Barabarani lilikuwa likipita gari la kubeba majani ya chai. Dainess alisimama katikati ya njia, mikono juu, mpaka dereva akakanyaga breki na kumtukana. Alipomwona Lugano, alishuka, akasaidia kumpandisha. Walimlaza ubavu juu ya majani mabichi. Bibi alikataa kubaki. Gari lilitambaa kwenye utelezi, likazama tope mara mbili, na kila liliposimama Dainess aliweka kiganja karibu na pua ya kaka yake. Pumzi ilikuwepo. Ndogo, lakini ilikuwepo.

Hospitalini Dainess hakungoja kuulizwa. "Amejichoma insulini," alimwambia Daktari Anyelwisye. "Si mgonjwa wa kisukari."

Daktari alimtoboa Lugano kidole, akaangalia kipimo, akaita muuguzi kwa haraka. Walimtia maji ya sukari kwenye mshipa. Baada ya dakika chache Lugano alifumbua macho, na Dainess akaanza kushangilia. Furaha hiyo haikufika mbali. Macho yakafumba tena.

"Dawa aliyochoma bado inafanya kazi mwilini," alisema daktari. "Sukari tunayompa, inaimaliza. Tutaendelea kumpa."

Bibi naye alipimwa. Sukari yake ilikuwa juu mno, kwa sababu kwa wiki kadhaa alikuwa akijichoma maji. Alilazwa siku hiyohiyo. Mama alipofika mbio, na aproni ya kuchumia chai bado kiunoni, alikuta mwanawe wodi hii na mama yake wodi ile, akasimama kwenye veranda asijue aanzie wapi. Walikaa hivyo mpaka jioni, ndipo sukari ya Lugano ilipotulia.

Siku ya pili daktari alikaa kitandani kwa Lugano. Dainess alikuwa kando yake, na Asajile alikuwa amesimama mlangoni, macho chini.

"Kuna ukweli katika mliyoyasikia," alisema daktari. "Insulini kweli huingiza chakula mwilini. Ila mwili wa mtu mwenye afya hutengeneza yake, na inatosha. Ukijichoma nyingine, sukari inakwisha kwenye damu na ubongo unabaki na njaa. Mtu huanguka, hupata degedege, hufa. Wengine hupona, lakini akili hazirudi kama zamani. Hao wa kwenye simu wamewaonyesha vifua tu. Makaburi hawajawaonyesha. Na kama binti huyu angeniambia ni uchovu, ningepoteza dakika ambazo hukuwa nazo."

Lugano aliomba apelekwe kwa Bibi. Walimkuta Mama amepiga magoti kando ya kitanda cha Bibi.

"Mama, nilikufanya mwizi ndani ya nyumba. Nisamehe."

"Nimekusamehe," Bibi alijibu polepole. "Ila ujue, nilifika mahali nikaanza kujishuku. Nikawaza, labda ninazila hizo ndizi usingizini."

Lugano aliposikia hayo aliufunika uso wake. "Nilikuwa nasikia ukigombezwa, Bibi. Nilisikia kila siku, nikaendelea kunyanyua vyuma."

"Mwili utaujenga kwa maharage, kwa jembe na kwa kungoja," alisema Bibi. "Dawa ya mgonjwa si chakula cha mzima. Mama yako hatakufukuza, lakini utafanya kazi mpaka dawa yangu ya miezi hii yote ilipike." Kisha akanyoosha mkono hewani mpaka Dainess akaushika. "Nawe, mjukuu wangu. Ulimpenda kaka yako, sikulaumu kwa hilo. Lakini mtu anapojidhuru au anapomdhuru mwenzake, usilifunike. Mwambie mkubwa siku ileile unayoona, hata kama huyo unayempenda atakununia mwaka mzima. Jana ulisema, nina mjukuu. Ungesema mwezi uliopita, ningekuwa na macho ya kumwona vizuri."

Dainess aliusogeza uso wake karibu kabisa na wa Bibi, ili aonekane.