Kopo Lenye Uzi Mwekundu

Kila siku baada ya chakula cha mchana, Mama aliingia kwenye karakana ya marehemu mumewe. Alifagia, akafungua dirisha, akavaa aproni ya mumewe iliyomfikia miguuni.

Mumewe alikuwa fundi wa kalamu za mbao, zile za kuzungusha. Ukiizungusha, ncha inatoka. Ukiirudisha, ncha inajificha. Alizitengeneza miaka ishirini, ingawa mwenyewe hakujua kusoma wala kuandika.

Kabla ya kufa, alikereza mbao za kalamu saba. Zilikuwa za wanafunzi saba wa darasa la watu wazima la kusoma na kuandika. Mkewe alikuwa mmoja wao. "Siku ya kumaliza, mtaandikia kalamu zangu," alimwahidi. Sasa zilibaki siku mbili, na Mama alikuwa ameziunga zote saba kwa mikono yake.

"Wifi, njoo ukae hapa," alimwita dada wa marehemu. "Usiseme kitu. Sikiliza tu."

Kalamu zililala mezani, ncha zote nje. Jua lilizipiga. Hakuna aliyezigusa.

Tik.

Ncha moja ilirudi ndani yenyewe.

Tik. Ikafuata ya pili.

Wifi aliruka kutoka kitini. "Ni kaka!" alinong'ona. "Hataki vitu vyake viguswe. Zifukie, wifi yangu. Zifukie leo hii!"

Mama alizitoa tena zile ncha mbili. Jana alipokuwa akiandika jina la mumewe, ncha ilirudi kabla hajalimaliza. Hakumwambia mtu. Woga aliuweza. Kilichomuuma ni kudhani kwamba mume wake amemkasirikia.

Fundi saa wa duka la jirani alichungulia mlangoni. "Mbona mmepauka hivyo? Mmeona jini?"

"Kalamu zinajifunga zenyewe," Mama alisema.

"Saa zinasimama zenyewe kila siku dukani kwangu, na sijawahi kumwita mganga. Lete moja."

Aliivuta kalamu ikaachana vipande viwili.

"Hitilafu iko kwenye kitu kimoja," alisema. "Tukibadilisha vyote kwa mpigo, hatutajua ni kipi. Tutabadilisha kimoja, tujaribu, halafu kingine."

Walianza kwa kubadilisha mrija wa wino. Wakaiweka kalamu mezani, wakangoja.

Tik.

"Mrija hauna kosa. Sasa springi."

Tik.

Wifi alishika kitasa cha mlango.

Fundi saa alitoa kalamu yake mfukoni, zawadi ya marehemu. Kwa kijiti cha chuma aligonga taratibu, akatoa kizungushio, kile kidude cha ndani kinachosukuma mrija nje. Alikitia kwenye kalamu ya Mama. Wakangoja. Wakangoja sana.

Kimya.

"Tumempata mwizi wetu," alisema fundi. "Vizungushio vyako vimelegea. Springi inavizidi nguvu, basi vinateleza. Ulivitoa wapi?"

Mama alionyesha kopo lililofungwa uzi mwekundu. "Humu. Nilidhani hivi ndivyo alivyovithamini zaidi. Kama sivyo, mbona alivifungia uzi?"

Fundi saa alilitazama kopo kwa muda mrefu. "Una kopo jingine?"

Lilikuwepo, nyuma ya rafu, halina uzi. Walijaribu vizungushio vyake kimoja kimoja, kabla ya kuvigongea ndani. Kila kimoja walikizungusha mara kumi, kisha wakakisukuma kwa kidole gumba. Kilichoteleza kiliwekwa kando. Vilivyobaki vilishika barabara.

"Vibovu alivitenga," fundi alisema polepole. "Uzi ulikuwa onyo. Angejua kuandika, angekuandikia."

Mama alikaa chini. Alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena huku machozi yakimtoka. "Kumbe hakunikasirikia!"

Kufikia alasiri, kalamu saba zililala tena mezani, ncha nje. Watu watatu walizizunguka bila kupumua. Jua lilihama kutoka dirishani. Hakuna kilicholia.

"Mbona kimya hivi?" wifi aliuliza. Kimya chenyewe kilimtisha.

Mama alichukua kalamu moja na kipande cha karatasi. Aliandika polepole, herufi moja baada ya nyingine: VIBOVU. Akakibandika kwenye kopo, chini ya uzi mwekundu.

Kisha akachukua karatasi nyingine, akaandika jina la mumewe. Safari hii alilimaliza.