Kiti cha Kushoto

Jua lilikuwa likishuka nyuma ya maduka ya katikati ya mji, Gérard alipoegesha gari lake mbele ya karakana ya Dan, muuzaji wa redio za magari. Alikuja kubadilisha redio. Hakuwa na shughuli nyingine.

Gari lenyewe lilitoka Japani, usukani ukiwa upande wa kulia, na mtambo wa dashibodi ulibaki na lugha ya kwao. Kila alipowasha, mwanamke asiyeonekana alitoa salamu kwa Kijapani. Redio yake haikupanda zaidi ya tisini kwenye FM, hivyo stesheni nyingi za Lubumbashi hazikushikika. Kwa miaka mingi jambo hilo lilikuwa mchezo wa nyumbani tu. Mkewe, aliyekaa kiti cha kushoto kila asubuhi, alikuwa akimjibu yule mwanamke: "Merci, mama. Na weye, ulilala muzuri?" Binti yao Plamedie alicheka kila mara. Halafu kikwembe cha mkewe, kitenge alichojifunga kiunoni, kilinaswa mlangoni, kama kawaida, na Plamedie alishuka kumsaidia mama yake kukiingiza.

Kisha ikaja homa. Ilianza kama joto dogo la asubuhi, ikammaliza mkewe.

Siku iliyofuata mazishi, Plamedie alikaa nyuma, akasikia salamu ya Kijapani, akangoja jibu. Jibu halikuja. Alifungua mlango, akashuka, na tangu hapo hakukanyaga tena ndani ya gari hilo. Sasa alikuwa anakaa Ruashi kwa bibi yake mzaa mama, Mama Mbuyi, na bibi alikuwa amekata shauri.

"Sitamufukuza, na sitamufunga kamba," alisema. "Siku atapanda mu motokari yako na miguu yake mwenyewe, njo siku atarudia kwako."

Basi ile sauti ilipaswa kuondoka.

Dan alipanga mitambo mitatu juu ya meza. Alikuwa kijana mnene, mwenye maneno mengi. Mtambo wa kwanza ulikuwa umeng'olewa katika gari la Kijapani. Gérard aliusukuma kando bila kuuwasha. Wa pili skrini yake ilififia kwenye mwanga wa mlangoni. Wa tatu ulikuwa mweusi, mpana, ukimeta kama maji ya kisima.

"Hii njo ya mwisho kutoka, ingénieur. Inakamata FM yote, iko na caméra ya nyuma, iko na micro, na mutoto ataangalia ba dessins animés, ba katuni, njia yote. Écran iko mukubwa kupita télé ya mama-mukwe wangu. Akiiona, atahamia mu motokari."

Gérard hakucheka. Alikuwa mpima ardhi, na kitu kisichopimika hakukiamini upesi. Aligeuza boksi. Utepe wake ulikuwa umekatwa.

"Hili limefunguliwa."

"Ni ba douane, papa, batu ba forodha. Beye banafungua kila kintu."

"Na parafujo hii imekwaruzwa."

"Ingénieur anauliza sawa polisi," Dan alisema, akicheka peke yake. "Mi nilijaribisha asubuhi, asubuhi ya leo tu. Unapenda niuzishe kintu sijajaribisha?"

Jibu lilikuwa zuri. Gérard hakulipenda, lakini alichagua huo wa tatu.

Dan alifanya kazi kwa haraka, mlango wa kushoto ukiwa wazi, miguu yake ikining'inia nje, nyaya zimemwagika kwenye kiti. Umeme ulikatika mtaani. Jenereta za majirani zikaanza kunguruma moja moja. Skrini mpya ikawaka, bila Kijapani, bila mwanamke. Gérard alivuta pumzi.

Hapo ndipo aliposikia harufu ya kahawa. Kahawa iliyosagwa, kavu, kali. Alitazama kama kuna mtu anachemsha. Hakuna aliyekuwa na birika.

"Sasa tupime micro," Dan alisema. "Ita jina ya muntu unamupigia kila siku. Itamutafuta mu téléphone yako."

Katika ukoo wa mkewe, watu wa Kasai, jina la marehemu halitajwi mpaka siku ya kutoka kilio, yaani mwisho wa matanga. Wao walisema "ule mama" tu. Gérard aliona ni ushirikina, lakini alilishika kwa heshima ya Mama Mbuyi. Hakuwa amelitamka tangu makaburini. Ila kiti ni kile kile, saa ni ile ile ya kurudi nyumbani, na mdomo una mazoea yake.

"Kapinga," alisema.

Duara dogo likazunguka kwenye skrini. Likazunguka… likazunguka… kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Kisha maandishi yakatokea: *Maman Plamedie. Imeunganishwa.*

Gérard aliyatazama bila kupepesa. Katika simu yake mkewe alikuwa ameandikwa kwa jina lake la kuzaliwa. "Maman Plamedie" ni jina ambalo mkewe mwenyewe aliipa simu yake.

"Iyo haiko téléphone yako," Dan alisema, akikuna kichwa. "Yako iko inaandika Gérard, angalia. Iyo ni ingine. Iko karibu."

"Karibu kiasi gani?"

"Kama hapa na ile portail," Dan alisema, akionyesha lango. "Bluetooth haiendake mbali."

Simu hiyo ilikuwa ndani ya jeneza. Gérard aliiona kwa macho yake ikiwekwa chini ya mkono wa kulia wa mkewe, juu ya kitambaa cheupe, katikati ya kahawa iliyosagwa ambayo watu wa mochwari walikuwa wameimwaga kuua harufu.

Kahawa.

Akamtazama Dan upya. Boksi lililofunguliwa. Parafujo iliyokwaruzwa. Ile asubuhi ya majaribio.

"Wewe unauza simu za mtumba pia?"

"Miye? Hapana, papa. Ba téléphone banatuletea matata tu." Dan aliacha kucheka. "Juu ya nini unaniangalia vile?"

Gérard alitoa noti mfukoni. Alilipa, akaondoka.

Katika barabara ya Ruashi malori ya madini yalikuwa yametanda, vumbi jekundu likielea kwenye taa zao. Duka la Dan lilibaki nyuma, likapotea. Maandishi hayakupotea. *Imeunganishwa.* Basi simu haikuwa karakanani. Ilikuwa inasafiri naye.

Alisimama kando ya barabara, akapekua. Chini ya viti. Mifuko ya milango. Buti, chini ya gurudumu la akiba. Alipitisha mkono kila mahali panapoweza kuficha kitu cha ukubwa wa kiganja. Alipata vumbi, na sarafu ya zamani isiyotumika. Harufu ilikuwa nzito zaidi upande wa kushoto.

Alipoketi tena, alijua anamshuku nani. Ruphin, mdogo wa mkewe, ndiye aliyefunga jeneza. Ruphin huyo huyo aliazima gari Jumamosi kubeba unga. Mtu aliyeiba simu ya marehemu na kuisahau ndani ya gari la mjane, hilo lilikuwa chafu, lakini lilieleweka. Gérard alikaribia kufarijika.

Nyumba ya Mama Mbuyi haikuwa imepigwa lipu bado. Bibi alikuwa ameketi uani kando ya mbabula yake, makaa yakimwangaza kidevu. Plamedie alikuwa amelalia goti lake. Ruphin alisimama mlangoni, amekunja mikono.

"Karibu, shemeki. Tunasikia ulienda kutia écran mupya." Akatabasamu nusu. "Kilio haijaisha, na motokari iko inavaa mapambo."

Gérard alimsalimu mama mkwe wake kwa kukunja magoti kidogo, kama inavyotakiwa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ili mtoto asisikie:

"Ruphin, iko wapi simu ya marehemu?"

"Unauliza miye?"

"Wewe ndiye uliyefunga."

"Unasema niliiba mufu? Dada yangu?"

"Ruphin," Mama Mbuyi alisema. "Lete ile kopo."

Kijana aliingia ndani. Alirudi na kopo la maziwa ya unga. Ndani yake kulikuwa na simu. Kioo kilikuwa kimepasuka, mgongo umefunguka, mahali pa betri ni tundu tupu.

"Mutoto alikuwa analia ba picha za mama yake," bibi alisema. "Miye njo nilimutuma Ruphin aitoshe mu jeneza. Tukaiwasha siku moja, betri ikavimba, tukaitupa. Toka ile siku iko mu kopo. Haitoke hapa."

Gérard aliigeuza mkononi. Alitafuta mahali ambapo ungeweza kupita hata umeme kidogo. Hapakuwa na mahali.

"Haitoke hapa?" aliuliza.

"Haitoke."

Akawaeleza, kwa kifupi, kama mtu anayetoa ripoti. Skrini. Maandishi. Barabara nzima. Ruphin aliacha kutabasamu. Mama Mbuyi alisikiliza akiyatazama makaa.

"Ile kintu yako," alisema mwishoni, "uliiambia nini?"

"Ilikuwa kupima mikro tu, mama."

"Uliiambia nini?"

"Nilisema jina."

Hakuna aliyeuliza jina la nani.

"Jua ilikuwa inaingia?"

"Ndiyo."

"Mulango wa kwake ulikuwa wazi?"

Gérard alikumbuka miguu ya Dan ikining'inia nje. "Ulikuwa wazi."

Bibi alishika kichwa kwa mikono miwili. "Nilikuomba tumalize kilio. Maji, unga mweupe, kidogo tu, tumutoshe kwa mwili yako, alale. Ukasema misa inatosha. Sasa umemwita, umemufungulia mulango." Alishusha sauti. "Mufu haendake matembezi bure, Gérard. Iko anatafuta mwenzake wa njia."

"Ni kasoro ya mashine, mama."

Bibi alishusha mikono. Alikuwa anatazama goti lake.

Plamedie hakuwapo.

Gérard alifika barabarani akikimbia. Mtoto alikuwa kando ya gari, mlango wa mbele wa kushoto uko wazi. Hicho ndicho kiti alichokuwa akikililia siku zote, na mama yake akimkatalia.

"Leo unaweza kukaa mbele," Gérard alisema. Sauti yake ilikuwa kavu.

Mtoto alikitazama kiti, kama mtu anavyotazama benchi la kanisani kuona kama kuna nafasi. Akatikisa kichwa. Halafu akainama. Kwa vidole viwili aliokota kitu kwenye kizingiti cha mlango, pale ambapo hapakuwa na kitu, akakiingiza ndani taratibu, ndipo akafunga.

Akapanda nyuma. Kwa miguu yake mwenyewe.

Mama Mbuyi na Ruphin walikuwa wamefika langoni. Hawakusogea zaidi. Bibi alikuwa ametoa neno lake mbele ya watu, na neno lilikuwa limetimia.

Gérard aliwasha gari. Skrini ikawaka, kimya. Harufu ya kahawa ilijaa mpaka machoni.

Ting…

Ting…

Ting…

Aliujua mlio huo. Gari lilikuwa likionya kwamba anayekaa kiti cha kushoto hajafunga mkanda.

"Mama," Plamedie alisema kutoka nyuma, kwa subira ya mtoto anayemkumbusha mtu mzima, "mukaba."

Klik.

Mlio ukakoma.

Gérard alitazama njia. Alitazama njia peke yake mpaka nyumbani.

Baadaye alipima kila kitu, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa. Dan alikuwa amevuta nyaya za kiti; hilo liliweza kueleza mlio. Parafujo iliyokwaruzwa ilieleza kwamba mtambo ulikuwa wa mtumba. Huenda ulibeba majina ya wenye magari wengine. Wanawake wanaoitwa Maman Plamedie ni wengi Lubumbashi. Alibaki na ile klik, ambayo haikuingia katika hesabu yoyote.

Dan alijitolea kuung'oa mtambo. Gérard aliahirisha. Plamedie alikuwa amerudi nyumbani, anakula, anacheka, anaamka mapema kuliwahi gari. Nyuma ya usukani, asubuhi, Gérard mwenyewe alianza kusahau kuogopa. Hakumwambia mtu hilo. Kwa mara ya kwanza tangu makaburini, hakuwa peke yake njiani.

Ndipo asubuhi moja alipogusa paji la uso la mtoto. Lilikuwa na joto. Joto dogo tu. Kesho yake pia.

Jioni ile alitoka uani, akasimama mbali na gari, kwenye kona ya ukuta. Gari lilikuwa limezimwa, limefungwa, funguo ziko mfukoni mwake. Alimpigia Mama Mbuyi na kuweka mkono mbele ya mdomo.

"Mama," alinong'ona. "Kuyeni. Kuyeni na unga. Tumalize kilio."

"Tutakuya asubuhi," bibi alisema. "Mutoto asitoke inje. Na weye usiseme kintu karibu na—"

Klik.

Ilitoka ndani ya gari. Gérard alishusha simu. Uani palikuwa kimya, makaa ya jirani yakinuka moshi.

Mlango wa kushoto ulifunguka kidogo kidogo. Ukasubiri, kama unavyosubiri mtu akusanye kikwembe chake. Ukafungwa.

Harufu ya kahawa ilipita mbele yake bila haraka, ikaingia nyumbani, upande wa chumba cha mtoto.