Niliisifu Mashine Iliyoniunguza Uso

Nina umri wa miaka thelathini na tisa, mke wa mtu na mama wa watoto watatu, na ni fundi cherehani hapa Kismayu. Wasomaji wenzangu, siandiki haya ili mnionee huruma. Ninaandika kwa sababu nina hasira... hasira na mwanamke mmoja, na hasira kubwa zaidi na nafsi yangu!

Asili yetu ni Chovae, kisiwa cha Wabajuni. Vita vya Somalia vilipozuka nilikuwa mtoto mdogo, tukakimbilia Kenya, tukaishia kambini. Huko ndiko nilikokutana na Rukia. Tulilala mkeka mmoja, mama yangu akatuchana chawa sote wawili. Nilimpenda kuliko hata ndugu zangu wa damu. Ningejuaje?

Vita vilipotulia sisi tulirudi kwetu, Rukia akabaki Kenya. Nilipomzaa mwanangu wa tatu, mashavu yangu yalitoka madoa ya kahawia. Nikapaka liwa, nikapaka manjano, nikapaka krimu za madukani... wapi! Mume wangu, Athmani, hukagua mizigo bandarini. Siku moja tukiwa tunakula, alimwambia dada yake huku akicheka kwamba uso wangu umekuwa kama ramani. Dada yake akacheka. Mimi pia nikacheka. Kisha nikaingia jikoni, nikalia mpaka wali ukaungua.

Mwezi huohuo Rukia akarudi kutoka Mombasa. Alikuja na mashine ya leza! Alikodi chumba nyuma ya duka la manukato, akavaa koti jeupe, akatundika cheti chenye maandishi ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuyasoma.

“Abaayo,” aliniambia, maana ndivyo tunavyoitana dada mjini kwetu, “ni dakika ishirini tu. Unaingia na uso wa zamani, unatoka na mpya, unapitia sokoni kununua samaki. Hakuna kulazwa, hakuna kujifungia ndani.”

Nikamuuliza kama mwanga ule unafaa ngozi nyeusi kama zetu. Akacheka, akanipiga kofi dogo la begani. Mimi na akili zangu zote nikaridhika na kofi hilo!

Mara ya kwanza haikuwa mbaya. Uso uliwasha siku mbili, ukapukutika kidogo, ukang'aa. Hata Athmani alinitazama mara mbili. Basi nikapata wazimu wa furaha! Tulikuwa na kundi letu kwenye simu, akina mama na mabinti wa Kibajuni wa hapa na wa visiwani. Nikaingia humo kumsifu Rukia kama niliyelipwa.

Wiki tatu baadaye nikarudi. Rukia akasema kwamba leo ataongeza nguvu kidogo ili amalize kazi.

Mungu wangu! Pigo la kwanza lilikuwa kama tone la mafuta ya kukaangia. La pili, la tatu... nikasikia harufu ya nywele zinazoungua, na nywele hizo zilikuwa nyusi zangu. Nikamwambia aache. Akanishika kidevu kwa nguvu.

“Vumilia! Madoa ndiyo yanakufa hayo.”

Alasiri malengelenge yalikuwa yamejaa shavu la kulia na nusu ya la kushoto. Asubuhi jicho halikufunguka. Nilimpigia Rukia, akaja mbio na dawa nyeupe kwenye kichupa kisicho na jina. Mnajua neno lake la kwanza lilikuwa nini? Si pole! Aliniuliza nimekula nini. Kisha akaniuliza nani ameniruhusu kutoka nje kwenye jua. Hatimaye akapiga magoti, akanishika mikono, akasema nikienda hospitali watamfungia, na nikimfungia riziki nimemuua. Akaniapia kwamba mara ya tatu atasawazisha kila kitu.

Halafu akaniomba jambo moja. Wanawake walikuwa wameanza kuuliza kwenye kundi mbona sionekani. Alitaka nitume ujumbe wa sauti.

Hapa ndipo penye dhambi yangu, wasomaji. Nikiwa na uso unaochuruzika maji, nilishika simu nikasema kwa sauti tamu: “Mashaallah, kazi ya Rukia ni safi, ni wekundu mdogo tu, siku mbili umekwisha.”

Kwa nini nilisema? Nimejiuliza mara elfu. Niliona aibu! Niliogopa wale niliojigamba mbele yao. Niliogopa kucheka kwa wifi yangu. Nilitaka kuamini kwamba kweli uso wangu utasawazishwa.

Athmani aliporudi kutoka zamu ya usiku na kuona uso wangu, alisimama mlangoni, viatu mkononi.

“Nani kakwambia nataka uso mwingine?” akauliza.

“Wewe.”

Akageuka, akatoka na viatu mkononi.

Nikaanza kuvaa nikabu. Majirani wakanisifu kwa kuongoka! Wazee waliokuwa hawanisalimu wakawa wananipa salamu za heshima. Chini ya kitambaa nilikuwa nanuka usaha.

Siku chache baadaye mama yangu na mdogo wangu, Maimuna, wakafika kutoka Chovae. Maimuna ana miaka ishirini na tatu, alikuwa aolewe hapa mjini wiki iliyofuata. Walifikia kwa mama yangu mdogo, mtaa wa pili tu kutoka kwangu. Nikawapigia simu nikasema nina homa inayoambukiza, wasije. Nilimkimbia bibi harusi wa nyumbani kwetu ili asinione!

Siku ya tatu, adhuhuri, mama akapiga simu. Alikuwa anapiga mayowe kwa Kibajuni chetu, akiniita nije mbio.

“Ndoo, mwanangu! Ndoo umwone mdogo wako, si mchu tena!”

Si mtu tena! Nilipanda bajaji huku nikijua. Kabla sijaingia chumbani, nilijua.

Maimuna alikuwa amekaa kitandani. Paji la uso, pua, mdomo wa juu... vyote vimevimba, vimepasuka. Alikuwa ameusikia ujumbe wangu, akaenda kwa Rukia peke yake, kimya kimya, ili ang'ae siku yake. Nikavua nikabu.

Mama akaanguka kwenye kiti. Maimuna alinitazama kwa jicho moja, la pili lilikuwa limezibwa na uvimbe. Kisha akaniuliza polepole:

“Dada, sauti ile uliitoa ukiwa na uso huu?”

Nikamwambia ndiyo.

Akageukia ukutani.

Nilitoka pale uso wazi, nikaenda moja kwa moja hadi kwa Rukia. Wanawake watatu walikuwa kwenye benchi wakisubiri zamu. Waliponiona, mmoja akaziba mdomo. Rukia akatoka na koti lake jeupe, akawaambia nimejiharibu mwenyewe kwa krimu za madukani.

“Waambie ulisomea wapi!” nikapiga kelele. “Waambie!”

Alipoona wanainuka, uso wake ukabadilika. Hakuwa tena yule wa mkeka mmoja.

“Nilifagia chumba cha mashine huko Mombasa miaka miwili,” akasema. “Niliwatazama madaktari kila siku. Kutazama si kusoma? Na wewe je? Mimi nimemchoma mdogo wako, wewe ndiye uliyemleta!”

Nilimpiga kofi. Halikunipunguzia kitu, kwa sababu maneno yale yalikuwa ya kweli.

Kesho yake chumba kilikuwa kitupu. Tulimpeleka Maimuna hospitali, nami nikatibiwa hapohapo. Daktari alisema ngozi nyeusi inataka mashine yake na mtu aliyefundishwa kuitumia, na kwamba ningekwenda siku ileile niliyoungua, makovu yangekuwa madogo. Tena angalau mmoja wetu angekuwa mzima... hilo hakulisema yeye, nalisema mimi.

Bwana harusi hakumwacha Maimuna. Alisema anaoa mtu, haoi shavu. Walioana Chovae miezi miwili baadaye, na mimi sikualikwa. Mama alinipigia baada ya nikahi kunipa habari, akakata simu haraka. Maimuna hapokei simu zangu. Ana haki.

Rukia, kama unasoma haya popote ulipo, sijakusamehe na sina mpango wa kukusamehe!

Nanyi dada zangu, atakayewaambia kuna uso mpya wa dakika ishirini, muulizeni alifundishwa na nani, na msikubali kicheko kiwe jibu. Na ukishaungua, usijifungie chumbani na aibu yako. Toka! Wawekee watu uso wako mbele yao siku hiyohiyo, uwaambie umeungua, hata kama jana ulisifia. Watakucheka, ndiyo. Waache wacheke. Mimi nilikwepa kicheko cha siku moja, na sasa nina mdogo wangu ambaye hataki hata kusikia sauti yangu.