Mguu Ulionyamaza

Fundi Peku alipewa jina hilo kwa sababu alishona pekupeku. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, na alidai kiatu kinaufanya mguu usiisikie mashine. Kutwa alikaa dirishani, mikono kazini, mawazo mbali. Mteja angeweza kumsalimu mara tatu kabla hajarudi duniani.

Alikuwa na kisukari kwa miaka sita. Mwaka uliopita miguu yake iliwaka moto, hata shuka likawa mzigo. Kisha moto ule ukazimika wenyewe. Sasa alitembea kama mtu anayekanyaga pamba, na raha hiyo aliipenda. Alimwambia mkewe kwamba amepona, akaacha dawa. Mkewe hakuridhika, lakini kubishana na mtu anayeota mchana ni kazi bure.

Alasiri moja fundi alikuwa akishona shuka jeupe la mteja. Shuka liliburuzika hadi chini, na mkewe akaona madoa mekundu kwenye pindo. Akatazama vidole vya mumewe, vizima. Akainama chini ya cherehani. Kanyagio lilikuwa limelowa damu, na fundi alikuwa bado anakanyaga huku akitabasamu peke yake.

"Baba watoto, mguu hauumi?"

"Mguu gani?" akauliza.

Walikwenda zahanati saa ile ile. Nesi alipima sukari, akaona imepanda mno. Akamlaza fundi kitandani, akachukua kipande kifupi cha uzi wa nailoni.

"Mzee wangu, funga macho. Kila nikikugusa unyayo, sema ndiyo."

Fundi akafumba macho. Giza lile lilikuwa tamu. Alisikia feni ikizunguka na maji yakichuruzika mahali fulani. Akangoja. Akangoja mpaka akadhani nesi amepata kazi nyingine.

"Anza tu, mwanangu."

Alichosikia ni mkewe akilia.

"Nimeshakugusa mara kumi, mzee," nesi akasema taratibu. "Hukupona. Sukari ikikaa juu muda mrefu, inaharibu mishipa ya fahamu. Ule moto ulikuwa mishipa inaumia. Sasa imekufa ganzi."

Akatoa unyayoni ncha ya sindano ya cherehani. Ilikuwa imekaa siku ngapi, hakuna aliyejua. Kidonda kilikuwa na usaha. Nesi hakuficha: kikifika kwenye mfupa, mguu huenda ukakatwa. Fundi akaogopa sana. Mguu ule ndio uliolisha nyumba yake.

"Nifanye nini?"

"Unywe dawa kila siku, uumwe usiumwe. Na kwa kuwa mguu hausemi tena, uukague mwenyewe kila jioni, unyayo na katikati ya vidole. Pekupeku basi, hata ndani ya nyumba. Kiatu ukikung'ute kabla ya kuvaa. Ukiona hata mchubuko, uje siku hiyo hiyo."

Alimkataza pia kukanyaga cherehani mpaka kidonda kifunge. Kwa hiyo fundi alikata vitambaa, mkewe akashona. Mishono ilikwenda upande, fundi akaumeza uchungu wake. Chai aliinywa bila sukari, na kila baada ya siku mbili alikwenda kufungwa bandeji mpya.

Wiki ya tisa kidonda kilifunga. Nesi akarudia kipimo cha uzi. Bado hakusikia kitu. Aliuliza kama hisia zitarudi, akaambiwa ukweli: huenda zisirudi. Lakini mguu umebaki.

Siku hizi anashona na viatu. Jioni, kabla mwanga haujaisha, anaketi na mkewe dirishani, mguu wake mapajani mwa mkewe. Mkewe anaupitia kidole kwa kidole, na fundi haoti tena saa hiyo. Hausikii mkono ule hata kidogo. Anautazama tu, mpaka mkewe aseme, "Mzima."