Ripoti ya Maji ya Katubuka

Foleni ya kutoa kopi pale Mwanga, mjini Kigoma, ilikuwa imefika barabarani umeme ulipokatika. Veneranda, mwalimu wa sekondari, aliketi kwenye ngazi akavua viatu. Gauni lake la kitenge cha buluu lilikuwa na vumbi la chaki mpaka mabegani.

"Samahani dada, umekalia karatasi zangu," sauti ya mwanamume ikamwambia taratibu.

Alikuwa Bonifasi, mkimbizi kutoka Uvira, mwalimu wa kambini, shati jeupe limenyooshwa vizuri. Kibali chake cha kutoka kambini kilikuwa cha Jumamosi tu. Wakisubiri umeme, waligundua wanasumbuliwa na jambo moja: vijana wa kidato cha sita walijua kukariri, si kutafiti, si kuandika kwa maneno yao, si kufanya kazi pamoja. Chuoni wangepata shida.

"Tuwafundishe pamoja," Bonifasi alisema. "Wako na wangu."

"Nimechoka, mwalimu."

"Hata mimi. Tutachoka wawili."

Kwa miezi mitano, kila Jumamosi, wanafunzi walikaa wannewanne kwenye ukumbi wa parokia, wa mjini kwa wa kambini. Walihoji watu mitaani, wakaandika, wakasahihishana. Katikati ya wiki walimu wao, sasa wapenzi, waliishi kwa simu.

"Umekula, mpenzi?" Veneranda aliuliza.

"Maharage tena. Wewe?"

"Samaki, migebuka. Nimekuwekea kichwa."

"Kichwa tu? Ndiyo mapenzi ya Kigoma hayo?"

Kisha ikaja ripoti ya kundi la Hidaya, binti wa Ujiji, kuhusu akina mama wa mtaa wa Katubuka wanavyohangaikia maji. Ilikuwa nzuri kupita kiasi. Mwezi uliopita Hidaya alishindwa kupanga aya mbili. Veneranda akapiga simu.

"Umewaandikia."

"Sijawaandikia."

"Boni, usinifiche. Umewaonea huruma, umewaharibu."

"Miezi mitano, na bado hujanijua," Bonifasi alisema, akakata simu.

Jumamosi hakuja. Veneranda alipomhoji Hidaya, binti alifungua daftari: rasimu sita, zimekatwakatwa kwa kalamu za rangi nne.

"Tulisomeana kwa sauti, mwalimu. Tukibishana, tunarudi Katubuka kuuliza upya."

"Na mwalimu Boni?"

"Yeye aliuliza tu, 'Mmejuaje?' Basi." Hidaya akasita. "Wenzangu wa kambini wanasema yeye na mama yake wamo kwenye orodha ya wakimbizi wanaorudi kwao Uvira. Meli inaondoka mchana huu."

Veneranda alimkuta bandarini, amekaa juu ya mzigo kando ya mama yake.

"Nilikosea," alisema. "Nilichoka, nikahukumu kabla ya kuuliza."

"Wote hutuhukumu hivyo sisi wakimbizi. Kwako sikutegemea."

"Najua. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini mama hawezi kurudi peke yake. Na nyumba yetu sijui hata kama ina paa."

"Sijakuuliza paa."

Mama aliinua kichwa. "Ndiye huyu?"

"Ndiye, mama."

"Basi mwambie. Wameanza kuita majina."

Bonifasi alisimama. "Nikishampatia mama pa kulala, nitawatuma wajomba wapeleke posa kwa baba yako, kijijini Simbo. Utanikubali?"

"Nitakukubali. Ila usikawie, Boni. Sina tena nguvu za kusubiri sana."

Bonifasi alimshika Veneranda mkono mpaka jina lake mwenyewe lilipoitwa mara ya pili. Kisha akabeba mzigo, akamshika mama yake, wakapanda.

Veneranda alisimama mpaka meli ikawa ndogo ziwani. Halafu akarudi ukumbini. Makundi matatu yalikuwa bado yanamsubiri ayasikilize.