Utando Juu ya Oksidi

Walikutana katika duka la vifaa vya umeme, mchana wa watu kusongamana. Msichana alimkanyaga kijana wa shati la buluu.

"Dada, huo ni mguu, si zulia."

"Samahani, kaka. Na wewe mbona umeutandaza njiani?"

Kijana akacheka, moyo wa msichana ukamwendea. Kumbe chuo chao kilikuwa kimoja. Haukupita muda akawa anamwita Fundi, kwa kuwa alitengeneza vihisio vya kunusa gesi ya jikoni inayovuja. Fundi alimweleza kazi hiyo kwa sauti ya kubembeleza: oksidi ya bati ikipashwa moto, uso wake hudaka oksijeni ya hewani, gesi ikija huipokonya oksijeni hiyo, umeme ukapita kwa wepesi, kengele ikalia.

Jioni moja, akimngojea waende matembezini, msichana alijipulizia mafuta ya kung'arisha nywele mumo humo maabarani, gauni lake la zambarau likimeremeta. Tangu hapo vihisio vyote vikawa viziwi.

"Nadhani nimekosea kuvichoma tanurini nilipovitengeneza, mpenzi," Fundi alimwambia, macho mekundu. "Profesa anayenisimamia amesema kesho visipofanya kazi, nafasi yangu ya utafiti apewe mwingine."

Asubuhi ya siku hiyo msichana alikuwa amesoma kwamba silikoni, kemikali iliyomo katika mafuta kama yale, huacha utando mgumu juu ya oksidi, gesi ikakosa pa kushika. Alifungua kinywa.

"Pole, mpenzi," akasema.

Ya mafuta hakuyataja. Kulipokucha akapiga simu.

"Fundi, usiingie kwa profesa kwanza. Hukukosea wewe. Ni mafuta yangu ya nywele. Nimejua tangu jana."

Fundi akauliza:

"Ulijipamba kwa ajili yangu?"

"Ndiyo."

"Na jana ulininyamazia kwa ajili ya nani?"

Msichana akakata simu, akaenda chuoni. Alipanda ngazi, akabisha hodi kwa profesa, akayasema yote mbele ya profesa na Fundi. Profesa alimkaripia vikali, kisha akamwongezea kijana muda.

Huko nje Fundi hakumtazama.

"Nimekasirika, usidhani sikukasirika."

"Najua."

"Lakini vihisio vipya vinataka mikono minne. Kesho uje."

"Nije nimejifunga kitambaa?"

"Uje umeosha nywele. Mara mbili."

Fundi akaenda zake upesi, asionekane akitabasamu. Msichana akabaki ameegemea ukuta, analia. Alijua amesamehewa nusu tu, na hata nusu hiyo aliiona kubwa kuliko haki yake.